Kifungua Mlango cha Mheshimiwa

Nakumbuka asubuhi moja langoni pa hoteli kule Diani, mwanangu. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua mimi ni wa kidato cha nne na wewe ni wa kidato cha pili, na juzi tu ulinipiga kikumbo kwenye foleni ya maharagwe. Lakini wazee wakitaka kutoa nasaha hukohoa kwanza, kisha humwita mtu mwanangu, na mimi nimekwisha kohoa. Kaa kitako.

Kamati ya bunge la kaunti ilikuwa imetangaza kwamba itapokea maoni ya wananchi kuhusu mswada wa ardhi ya ufuoni, na mswada huo ulitugusa sisi wa kijijini kwetu, huku Msambweni, kuliko mtu mwingine yeyote. Ukipita, kampuni moja itajenga ukuta kutoka barabarani hadi mchangani, na kinjia chetu cha kwendea diko kitabaki ndani ya ukuta. Diko ni pale mashua zinapoteremsha samaki. Bibi yangu, Bi Mwanasha, hununua samaki pale kila asubuhi, akaja kuwakaanga kando ya barabara. Karo yangu imetoka kwenye karai lile tangu darasa la kwanza, ndiyo maana kitabu changu cha fizikia kinanuka samaki tasi. Kinjia kikizibwa, Bibi atalazimika kuzunguka hadi barabara kuu, na akifika dikoni atakuta wenye magari ya barafu wamekwisha beba samaki wote.

Basi Bibi na wenzake wakavaa leso zao za Idi, wakachanga nauli, wakanichukua na mimi kwa sababu, eti, nina mdomo. Na maoni ya wananchi wa Msambweni yalikuwa yanapokelewa wapi? Kwenye ukumbi wa hoteli ya watalii, Diani.

Askari wa lango, kijana wa bara, alituangalia kama tumekuja kuuza mihogo.

"Mnaenda wapi, mathe?"

"Salama, baba? Umeamkaje?" Bibi hawezi kuanza neno bila salamu, hata nyumba ikiwaka moto. "Tumekuja kutoa maoni. Tangazo limesema umma. Sisi ndio umma."

"Umma gani? Wageni wa kamati wamevaa vitambulisho shingoni. Nyinyi hamna."

Hapo hapo likaja gari jeupe. Ndani yake alikaa bwana mmoja mwenye miwani myeusi, ambaye kijijini tulikuwa tumekwisha mwita Bwana Miwani. Kazi yake, ukimwuliza mwenyewe, ni mshauri wa mahusiano wa ile kampuni. Maana yake analipwa ili awe karibu na watu wanaopiga kura bungeni: wakinywa chai, yupo, wakienda semina, yupo, na mtoto wa mmoja wao akipata homa, yeye ndiye wa kwanza kupiga simu ya pole. Askari akampigia saluti, lango likafunguka. Bwana Miwani akateremsha kioo, akatabasamu vizuri kabisa.

"Mama zangu, msihangaike na jua. Mimi naingia. Nipeni maoni yenu niyafikishe."

"Ahsante, baba," Bibi akasema. "Lakini mdomo wangu bado ninao."

Mimi nikaona hiyo haitoshi. Nikapaza sauti, "Vua hiyo miwani uone watu!" Wanawake wakacheka, nami nikavimba kwa furaha, mpaka nikahisi sikio langu limeshikwa.

"Mishi," Bibi akaniambia polepole, "umemfurahisha. Sasa ataingia mle aseme tulikuja kufanya fujo, na wao watamwamini kwa sababu hawatatuona."

Hakupiga kelele, mwanangu. Angepiga kelele ningesahau.

Tulikaa nje ya lango mpaka adhuhuri, tukarudi na maoni yetu vilevile tulivyokwenda nayo. Baada ya hapo Bibi alimtafuta Mheshimiwa, mwakilishi wa wadi yetu, tuliyemchagua wenyewe, tena mwenyekiti wa kamati hiyohiyo. Akienda ofisini, msaidizi humwambia yuko Kinango kwa mambo ya maji. Akirudi, yuko Nairobi kwa semina. Akirudi tena, ametoka sasa hivi, hata kiti bado kina joto. Tukasikia kura itapigwa wiki inayofuata.

Sasa nikueleze jambo jingine. Dada yangu Riziki alikuwa ameposwa na kijana wa Kikoneni, Nassoro, harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo, na mama yake Nassoro ni dada wa Mheshimiwa. Unajua uzito wa mjomba kwetu. Mjomba ndiye anayemwongoza bwana harusi hadi kwenye mlango wa mkewe baada ya nikahi, na mjomba ndiye anayelipa kifungua mlango. Wanawake wa upande wetu huziba mlango, wakaimba, wakakejeli, na hawaondoki mpaka waridhike. Na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Jioni moja Bibi anakaanga, mimi napepea makaa na kulalamika. Nikasema kwa mzaha tu, "Lango la Diani ni lao, Bibi. Lakini Ijumaa mlango ni wetu."

Bibi akaacha kugeuza samaki. Yule tasi aliungua kabisa, na hilo sijapata kuliona tena.

Lakini usidhani alikimbilia kufanya. Kwanza aliingia chumbani kwa Riziki, aliyekuwa amewekwa ndani akifukizwa udi na kupakwa liwa, akamweleza yote.

"Harusi ni yako, mjukuu wangu. Ukisema hapana, nitaimba na kupokea bahasha kama wengine."

Nikaona machozi yanamlengalenga Riziki. Alikuwa ameingoja siku hiyo muda mrefu, na mjomba wa mumewe akiudhika, ni yeye atakayekaa naye, si sisi. Kisha akasema, "Bibi, nimefukizwa mpaka nimekuwa nguru wa kukausha. Nikikaa ndani kidogo zaidi sitaoza. Mngojesheni."

Ijumaa ikafika. Msafara ukaja na matari, Nassoro ndani ya joho zito, Mheshimiwa kando yake anang'aa, na nyuma ya Mheshimiwa, ndani ya kanzu mpya ambayo mikunjo ya dukani haijatoka, Bwana Miwani! Tulikuwa tumejaza mlango, Bibi amekaa katikati kwenye kigoda.

"Hodi, hodi wenyewe!" Mheshimiwa akaita.

"Hodi haina pesa?" wanawake wakajibu. "Mheshimiwa mzima, mfuko umeshonwa?"

Akacheka, akatoa bahasha. Bibi akatikisa kichwa. Akaongeza ya pili. Bibi akaangalia pembeni kama anayetazama kuku. Nassoro jasho likawa linamchuruzika. Hapo Bwana Miwani akapenya mbele, mkono ndani ya kanzu.

"Mama, taja unachotaka. Mlango huu nitaulipa mimi."

Matari yakanyamaza.

"Karibu, baba," Bibi akasema. "Wewe ni nani wa bwana harusi?"

"Mimi ni rafiki wa familia."

"Rafiki tunamkaribisha pilau, tena sahani ya juu. Mlango analipa mjomba."

Nami sikuweza kujizuia. "Tena kitambulisho cha shingoni hana!" Waliokuwa Diani siku ile waliangua kicheko hadi leso zikawadondoka. Nikalishika sikio langu mapema, lakini safari hii Bibi alikuwa anauma mdomo ili asicheke.

Kisha akamgeukia Mheshimiwa.

"Bahasha zako mpe Riziki anunulie vyombo. Kifungua mlango chetu ni hiki: kabla ya kura, wewe na kamati yako mje mkae dikoni, samaki wakishuka. Mtembee kwenye kinjia, mtusikie kwa masikio yenu. Mkiisha kutusikia, mpige kura mnavyoona."

Mheshimiwa akashusha sauti. "Bi Mwanasha, haya ni mambo ya ofisi. Leo ni furaha."

"Ofisini nimekuja, baba. Hotelini pia nimekuja. Nimeona nikungoje kwenye mlango ninaoweza kukaa."

"Na nikisema siwezi?"

"Utaingia. Siwezi kumnyima mjukuu wangu mume. Lakini utakuwa umeingia bila kulipa, na watu wote hawa wameona."

Nikamwona Mheshimiwa anazitazama zile nyuso mlangoni, moja moja, kama mtu anayejaribu kukumbuka amewaona wapi.

"Mjomba," Nassoro akanong'ona, "wallahi nitaanguka."

Mheshimiwa akapangusa uso. "Jumatatu," akasema. "Baada ya swala ya alfajiri."

"Na masheikh walioshuhudia nikahi wayasikie," Bibi akasema. Mheshimiwa akarudia mbele yao, kwa sauti. Bibi akainuka, akavuta kigoda, na vigelegele vilivyopigwa pale nadhani hata kisiwani Wasini walivisikia.

Jumatatu walikuja. Si kamati nzima, lakini walikuja, na viatu vyao vikajaa mchanga. Bwana Miwani naye alikuja. Mimi nilitaka tumzibie njia, aonje. Bibi akanitazama mara moja, akampa kreti ya kukalia, akamwambia zamu yake itafika baada ya waliomtangulia. Ikafika, akasikilizwa kama wengine. Nami nilisimama nikasema habari za kinjia na karai, bila neno hata moja kuhusu miwani, na kujizuia huko kuliniuma kuliko mtihani wa kemia.

Sitakudanganya kwamba tumeshinda. Mswada ulirudishwa kwenye kamati, na huko bado uko hai, na Bwana Miwani bado anakunywa chai na watu. Lakini kinjia kipo, leo asubuhi Bibi amepita.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mtu akijitolea kukusemea, mshukuru, kisha useme mwenyewe. Uliyemchagua akikufungia mlango mmoja, usiutukane mlango, tafuta ule ambao hana budi kupita. Ukimpata, usimdai kura yake, mdai masikio yake. Na siku mlango ukiwa wako, yule aliyekupita langoni mpe kreti naye akae. Hilo la mwisho bado linanishinda, Bibi analiweza.

Mola akukuze, akupe sauti watu wasiyoweza kuichoka, na akujaalie bibi kama wangu, ingawa wangu simwazimi mtu. Haya, nenda darasani. Na mlango uache wazi.