Mgeni Aliyeapa Hatakaa

Mtaa wenyewe umejengwa ubavuni mwa kilima, na waliojenga hawakukiuliza kilima kama kimekubali. Ukidondosha ndimu mlangoni kwako usijisumbue kuinama. Kaitafute kwa jirani wa tatu kule chini, na ukimkuta anaikamulia kwenye chai yake, shukuru hakukudai na sukari. Watoto wa hapa hujifunza kutembea wakiwa wameinama upande mmoja, kisha wakipelekwa mahali tambarare huanguka kwa mshangao.

Katika mtaa huo anaishi mwanamke kijana ambaye kazi yake ni kukodisha viti, meza na maturubai. Wanamwita Kabari. Wengine wanasema jina lilitokana na vile vipande vya mbao vilivyochongwa vikawa vyembamba upande mmoja, ambavyo havikosekani mfukoni mwake, tayari kusukumwa chini ya mguu wa meza. Wengine wanasema ni kwa sababu yeye mwenyewe akishaingia kwenye mazungumzo, humchomoi. Mwenyewe akiulizwa anasema wote wamesema kweli, kisha anaendelea kuzungumza.

Wakodishaji wengine hushusha viti kwenye gari, wakaaga, wakaondoka. Kabari akishashusha ndipo kazi inaanza. Kwanza anavua viatu na kuuzunguka ua wote peku, kwa sababu jicho hudanganywa na nyasi, lakini unyayo haujawahi kudanganywa na mtu. Pimamaji anayo, tena nzuri, yenye kile kitone cha kijani kinachocheza ndani ya kioo. Huitoa wateja wakiwa wanatazama, ili waone hawakumwita mtu wa kubahatisha. Lakini anachokiamini hasa ni sahani ya bati yenye maji. Anaiweka juu ya kiti, anaisubiri itulie, anaangalia maji yamekimbilia wapi.

"Usiinue mguu mfupi," huwaambia watu, hata wale ambao hawakuuliza. "Zika ule mrefu."

Maana sote tukiona kiti kinacheza, tunatafuta kijiwe. Tunakisukuma chini ya mguu unaoning'inia na kujipongeza. Sasa kiti kimepanda jiwe kama mtoto aliyepanda ndoo kuiba sukari: kufika amefika, kutulia hajatulia. Kabari yeye huchukua kijembe chake kifupi, akachimba upande wa juu wa mteremko. Miguu ya juu inazama, ya chini inajikuta iko sawa, na kiti kinakuwa kimekaa ndani ya ardhi, si juu yake. Pakiwa na tope, kila mguu anauwekea kipande bapa cha kigae, kwa sababu mguu wa plastiki kwenye udongo uliolowa huzama kama kijiko kwenye asali. Na meza ikimsumbua, haigombezi meza nzima. "Miguu mitatu haina ugomvi, ndiyo maana mafiga ni matatu," anasema. "Wa nne ndio mchonganishi. Mtafuteni wa nne."

Ana kijembe cha kuchimbia na vijembe vya kurushia watu, na vyote huvinoa.

Basi fikiria mwanamke wa namna hiyo, halafu mtu aanguke kwenye kiti chake mbele ya halaiki.

Ilikuwa mwaka jana, kwenye sherehe ya jirani mmoja. Aliyeanguka alikuwa mama mmoja wa makamo, mnene wa heshima, mwenye sauti ya kuita teksi bila kuinua mkono. Kiti kilikwenda mbele, yeye akaenda nyuma, soda ikaenda juu. Hakuumia popote, ila pale pasipopakwa dawa: watu walicheka. Kabari alipofika mbio alikitazama kiti, akaitazama ardhi, akaelewa. Kiti kilikuwa kwenye kivuli cha ukuta. Mashimo aliyokichimbia yalikuwa kule juani, manne, matupu, yanashangaa. Lakini hapakuwa mahali pa kuyasema.

Kesho yake mtoto wa yule mama, kijana mmoja fundi wa friji, akaja ghalani kwa Kabari amekunja uso.

"Wewe ndiye mwenye viti?"

"Inategemea. Umekuja kukodi au kugomba?"

"Kugomba."

"Basi kaa. Kugomba umesimama ni kuchosha magoti bure."

Akakaa. Akajaribu kukitikisa kiti, apate pa kuanzia. Kikagoma kutikisika. Akaeleza malalamiko yake kwa sauti iliyozidi kushuka, akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi, eti kuna jambo alisahau kulalamikia. Akarudi tena. Malalamiko yakaota mizizi, yakatoa majani, mpaka siku moja wakaona hawana tena cha kulalamikiana ila kwamba kila mmoja analala nyumba yake.

Kabari alimweleza ukweli wa kile kiti mapema kabisa.

"Mimi nakuamini," kijana akasema. "Ila nakuomba, mama usimwambie."

Alipokwenda kwa mama yake na kumweleza kwamba anataka kuoa, na anataka kumwoa nani, mama aliweka chini kikombe.

"Yule msichana wa viti?"

"Ndiye, mama."

"Nitakwenda kwao, kwa kuwa wewe ni mwanangu. Lakini sikai."

Neno lilikuwa fupi, uzito wake kila mtu aliujua. Mazungumzo ya ndoa hayaanzi mama wa kijana akiwa wima. Mtu aliyesimama ni mtu anayeaga. Asipokaa, hakuna kitakachosemwa, na kisiposemwa kitu hakuna harusi. Fundi friji naye alishatamka kwamba bila neno la mama yake haendi mbele, na Kabari hakumlaumu. Asingemtaka mwanamume anayemwacha mama yake amesimama.

Nyumbani kwa Kabari walikaa kikao. Mjomba wake, ambaye ndiye msemaji wa ukoo na hajawahi kuisalimisha nafasi hiyo hata akiwa na kikohozi, alikuwa na dawa tayari.

"Akifika tu, piga magoti. Sema kiti kilikuwa kibovu. Yaishe."

"Mjomba, kiti hakikuwa kibovu."

"Kwani kiti kina mdomo? Kisingizie!"

"Na kesho nani atakodi viti vya mtu anayekiri viti vyake ni vibovu?"

"Unataka mume au unataka wateja?"

"Nataka vyote, mjomba. Nimezoea kubeba vingi."

Mama yake akaomba tu kwa upole, "Mwanangu, siku hiyo ulimi uuache chumbani."

"Nitauacha, mama. Sijui tu kama utakubali kubaki."

Lakini usiache kuona alivyowaza. Kuomba radhi hakumshindi, ana kinywa cha kutosha kwa hilo pia. Kilichomkaa moyoni ni kwamba ndoa ikianza kwa kusukumiwa kijiwe chini ya mguu mmoja, itacheza miaka yote, na ni yeye atakayekuwa anainama kila siku kukirudisha kijiwe mahali pake.

Siku ilipofika aliamka akauandaa ua kana kwamba anaandaa kwa mteja mkali kuliko wote. Vigingi vya turubai alivipiga vichwa vikiwa vimelala kuelekea nje, kinyume na mvuto wa kamba. Kila kiti alikichimbia, na kila kiti alikikalia mwenyewe, akajirusha mbele, nyuma na kando. Kiti cha mgeni kilikuwa cha mbao, kizito, chenye mikono na miguu minene. Hicho alikikalia mara nyingi kuliko vyote. Kisha akaoga, akavaa gauni lake zuri, akasimama mlangoni kama mtu asiye na wasiwasi. Na kweli hakuwa nao, au ulikuwa mdogo na ameukalia.

Wageni wakaja: mama wa kijana, kijana mwenyewe, na jamaa zao wachache. Salamu zikapita vizuri.

"Karibu mama, karibu kiti," akasema mjomba.

"Nimeshakaribia."

"Kaa basi, upumzike."

"Niko sawa."

Wenyeji waliokuwa wamekaa wakaona aibu, wakasimama. Jamaa wa kijana wakaona wenyeji wamesimama, nao wakasimama. Chai ikaletwa, ikanywewa hivyohivyo, sahani mkono mmoja, kikombe mkono mwingine, kama foleni ya bombani iliyofanyiwa hisani. Mjomba akazungumzia mvua. Akazungumzia ukosefu wa mvua. Alipoishiwa na hali ya hewa akamkonyeza Kabari.

"Binti yetu hapa," akasema, "nadhani ana neno."

Mama wa kijana akageuka, kikombe mkononi. "Vizuri, maana na mimi nina swali. Niambie, binti. Siku ile, nilianguka kwa nini?"

Mjomba akakohoa, na ndani ya kile kikohozi mlikuwa na neno "kibovu", wazi kabisa.

"Ulikihamisha, mama," akasema Kabari.

Mama yake Kabari akafumba macho. Fundi friji akaanza kulikagua turubai juu, tundu kwa tundu.

"Mimi? Nilikihamisha?"

"Jua lilikufikia, ukakivuta mpaka kwenye kivuli. Mashimo niliyokichimbia yalibaki kulekule. Kiti hakihami peke yake, mama. Kinahama na mashimo yake."

"Ulitaka niungue na jua?"

"Nilitaka uniite. Ningekuchimbia hata kivulini."

Yule mama akamtazama, akanywa chai kidogo, akamtazama tena.

"Watu chungu nzima waliniona nikikivuta," akasema taratibu. "Hata mmoja hajanitamkia. Huyu mwanangu amekilaani kile kiti mwaka mzima, nami nikamwacha alaani, kwa kuwa ilikuwa inanistarehesha."

"Mama!" akasema fundi friji.

"Nyamaza, hatujafika kwako." Akampa kikombe akishike. "Sasa, binti, maneno ni rahisi. Hata kivulini, umesema? Mimi jua silipendi, na hili turubai lenu linapitisha joto. Nataka kukaa pale."

Akanyoosha kidole. Pale palikuwa kona ya nyuma, chini ya ukuta wa nyumba, mteremko unapochongoka, mahali ambapo maji ya paa yamejichimbia mfereji na hata kuku akipita hupita ameshika breki.

"Mama," mjomba akasihi, "pale si mahali, pale ni ajali."

"Amesema kivulini. Kivuli kiko pale."

Kabari alikuwa ameshavua viatu. Alivuta kitambaa cha meza moja iliyokuwa tupu, akajifunga kiunoni juu ya gauni.

"Nguo yako!" mama yake akanong'ona.

"Itafuliwa, mama."

Kwanza alikwangua udongo wa juu wote, kwa sababu udongo uliomwagwa na maji ni mgeni, unaondoka muda wowote. Alipofika penye ugumu, akakata ngazi moja ndani ya mteremko, pana kuliko kiti, kwa kuwa hata miguu ya mkaaji inataka mahali. Ukimweka mtu sawa miguu ikining'inia, umemtegea. Ukingo wa chini akaukaza kwa mawe bapa aliyoyazika nusu, usimeguke. Mfereji wa maji akauhamishia pembeni. Kisha akashindilia kwa mgongo wa kijembe, akashindilia kwa kisigino, akaruka juu yake kwa miguu miwili, gauni na kitambaa cha meza vyote vikiruka naye. Fundi friji akavua koti, akakibeba kile kiti cha mbao bila kuambiwa. Vigae viwili chini ya miguu ya mbele. Sahani ya bati juu yake. Maji yakayumba, yakafikiri, yakatulia.

Kabari akakalia kiti, akakifanyia fujo zote anazozijua, akasimama.

"Karibu, mama. Ila usikivute."

Mama wa kijana akaja, akainama, akakagua mguu mmoja baada ya mwingine. Akakisukuma kwa kidole. Akakisukuma kwa nyonga. Halafu akamshika mwanawe mkono, akageuka, akashuka polepole kama mtu anayeingia maji asiyoyajua. Akakaa. Akaegemea. Akajirusha upande wa bonde kwa uzito wake wote, mpaka mjomba akaziba uso. Kiti hakikusema lolote.

"Mh," akasema yule mama. Akajinyoosha, akaiweka mikono yake juu ya mikono ya kiti. "Naomba chai nyingine. Ile ya kwanza niliinywa wima, haikushuka vizuri."

Hapo watu wote wakataka kukaa kwenye ile kona. Mjomba, mwenye hotuba iliyokuwa inamchacha kifuani tangu asubuhi, akakinyakua kiti chake akaenda nacho mbio ukutani, akakitua, akaanza kujishusha.

"Wewe baba! Simama hapohapo," mama wa kijana akamkemea kutoka enzini kwake. "Hujachimbiwa!"

"Hilo neno silipendi," akasema mjomba, makalio yakiwa yameishia njiani.

"Kama hulipendi, kaa uone."

Mjomba akafikiria mteremko, akasimama. Ikabidi mazungumzo yangoje. Kabari akaanza ngazi ya pili, na fundi friji akatafuta sululu akaingia naye kazini, yule mama akiwasimamia kwa kijiko cha chai.

"Mwanangu," akaita baada ya kitambo, "hapo juu bado, shusha kidogo."

Fundi friji akainua sululu.

"Si wewe," akasema mama yake. "Wewe kalete vigae."