Meza ya Mababu wa Gwang-su

Mwaka wa kwanza wa duka lake la vitoweo, Myeong-ran alipata oda thelathini na moja za Chuseok, sikukuu ya kuwaandalia mababu chakula. Akina mama wa mtaa ule wa Gunsan, Korea, walikuwa wamechoka kukaanga. Walitaka samaki na maboga ya kuchovya kwenye yai, yakiwa yamepangwa kabisa kwenye sinia. Oda hizo zingelipa pango hadi majira ya baridi. La sivyo, mwenye nyumba alishasema, chumba kina mtu mwingine.

Siku mbili kabla ya sikukuu, mama mkwe alipiga simu.

"Mke wa mwanangu wa kwanza yuko wapi? Mababu wanangoja, wewe unawakaangia watu baki?"

"Mama, nikaange hapa dukani, nilete sinia zima jioni. Mkono si huu huu?"

"Chakula cha kuuza hakikanyagi meza ya marehemu baba mkwe wako."

Gwang-su, mumewe, alikuwa pembeni akijikata kucha.

"Ongea naye basi," Myeong-ran alimwambia. " Siku moja tu."

"Mama Ha-jin, usinigombanishe. Wateja wapo kila siku. Mama ninaye mmoja."

Alikaanga oda kumi na mbili kabla ya Gwang-su kupiga honi nje, ampeleke kwa mama yake. Wateja waliobaki aliwapigia simu mmoja mmoja, akiomba radhi. Bi Soon-deok, mteja wake wa kwanza kabisa, alicheka kicheko kikavu.

"Mimi nilikuagiza ili mama mkwe wangu adhani nimekaanga mwenyewe. Sasa nimwambie nini?"

Kwa mama mkwe, Myeong-ran alikaa sakafuni mbele ya kikaango kutwa nzima, mafuta yakimrukia mikononi. Wanaume walicheza karata sebuleni. Wakati wa kula, mjomba mmoja alimaliza kipande cha tano, akalamba vidole.

"Huyu akifungua duka atatajirika!"

Wakacheka wote. Mama mkwe alicheka kuliko wote, akamwongezea mjomba sahani.

Baada ya sikukuu, wateja walihamia supamaketi. Kule, walimwambia bila kumficha, hakuna muuzaji anayeitwa na mama mkwe.

Mwezi haukuisha, Myeong-ran akamrudishia mwenye nyumba ufunguo. Gwang-su alikuja kusaidia kutoa friji.

"Pole," alisema. "Ila mwakani hutahangaika hivi."

Myeong-ran akainama, akashika upande wake wa friji, wakanyanyua.