Kila Mteja Akawa Nyabo

Nilianza kusahau majina ya wateja mwaka ule hedhi yangu ilipoanza kuruka miezi. Nauza magauni ya mitumba Owino, na biashara yangu yote ilikuwa kichwani: nikifungua beli, najua gauni hili ni la nani kabla sijalikung'uta. Sasa mteja wa miaka yote anasimama mbele yangu, sura naijua, saizi naijua, jina hakuna. Nikajificha kwenye adabu ya Kampala. Hapa mwanamke yeyote ukimwita nyabo umemheshimu, basi wote wakawa nyabo. Wakanisifu kwamba Mkenya huyu hatimaye amejua heshima, na sifa hizo zikaniudhi.

Daktari niliyemwendea alinieleza kwamba homoni ya kike inayopungua katika umri huu haihusiki na uzazi tu. Ubongo nao huitegemea katika kukumbuka. Akasema kwa wengi wetu kusahau huko hupungua ubongo ukishazoea. Nilirudi sokoni nimetulia, nikamsimulia jirani yangu wa kibanda, mjane wa mwanajeshi kutoka kaskazini, anayenizidi miaka kama kumi. Nikamwambia hata hiyo nyabo yangu ni ya kuficha aibu.

Aliendelea kukunja mashuka yake.

"Nyabo," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "wewe unafikiri mimi nakuita hivyo juu ya heshima?"