Bidon kwa Rangi

Juzi binti yangu alikuwa anajifunza programu kwenye ordinateur. Akaniambia: «Mama, liste inashika nani alikuja wa kwanza. Ensemble inakusanya tu, haijali.» Nikacheka, lakini cheko ya kuchoka, juu nilikumbuka robine, bomba la maji la kwetu Tshopo, siku moja nikiwa mutoto.

Ile mchana mustari wa bidon, madumu ya maji, ulitoka kwa robine mpaka karibu barabara ya Bengamisa. Maji ilikuwa haijakuja, bamama walikuwa kwenye kivuli, kila mutu ameacha bidon yake imushikie nafasi. Ya mama yangu, yenye kunuka mawese, ilikuwa ya mbele kabisa tangu alfajiri. Nyumbani hatukuwa na hata tone. Mimi mutoto niliona fujo tu. Nikapanga bidon zote kwa rangi, njano huku, bluu kule, nikangoja sifa.

Tiyo ya robine ikaanza kukohoa maji, bamama wakakimbia. Kwa kusema kwao, wote hamsini walikuwa wa kwanza.

«Ni mimi,» mama akasema.

«Wewe na nani?» wakamucheka.

Zamu yake ilipofika, maji ikakatika. Tukashuka mutoni. Nilingoja kofi njia yote.

«Tembea tu,» akasema. «Mikono imechoka hata kupiga.»