Mwimbaji wa Buyenzi anajaribia nyimbo mu saluni

We musomaji, unanichosha: kila nyimbo mupya ya hapa Bujumbura unaandika "moto!" mu mutandao hata haujaisikiliza. Huyu mwimbaji, nyimbo zake zinapigwa mu redio, lakini bado anasuka nywele mu saluni, mu mutaa wa Buyenzi. Vidole havipumuziki, sauti inaimba chini chini. Anajaribia nyimbo mupya ku wateja: muteja akitoka bila kuiimba, yeye anaitupa. Jana alikuwa na mupya ya kurekodi leo. Muteja wake Assia akamukatiza:

"Dada, iyo inanipa usingizi, utanisuka nimelala!"

Akacheka, akaianza tena mbiombio. Kufika mulangoni, Assia anaiimba, hata hajui. Mi nilikuwa pale nangoja zamu, niliona: vile vidole vikasimama, kichwa cha muteja mwengine kikangoja. Basi siku akikusuka, tafazali, usimudanganye na "moto!" yako.