Mipira Minane ya Kasha la Kamera

Ilianza Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1995, saa tisa na robo alasiri, baba mdogo alipoingia uani amekumbatia kasha la plastiki kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa. Kamera huwekwa ndani ya kasha hilo ili ipige picha chini ya maji. Lilikuwa la mpangaji wetu, dada mtafiti wa samaki kutoka Dar es Salaam, ambaye kila wiki alikwenda kupiga magoti kwenye vijito vya Sanje.

"Kanikabidhi mimi," baba mdogo akatangaza. "Fundi anajulikana."

Alikuwa fundi wa baiskeli. Baiskeli za Ifakara hubebeshwa magunia ya mpunga mpaka zinalia, na dawa yake kwa kila ugonjwa ilikuwa moja: grisi. Ikishindikana, grisi zaidi.

Kasha lilikuwa na vitufe vinane. Kila kitufe kina kijiti kinachopenya hadi ndani, na kijiti kimevishwa mpira wa duara, mwembamba kama tambi, wa kuzuia maji. Mpira ukichafuka maji yanaingia na kamera inakufa, na dada hakuwa na nyingine. Alikuwa ameacha karatasi ya maelezo, ya Kiingereza. Baba mdogo aliikodolea macho kwa muda unaomtosha mtu kusoma, kisha akanipa mimi, wa kidato cha pili.

"Haya, wewe una vidole vyembamba. Mimi nasimamia."

Kusimamia maana yake alikwenda kucheza bao. Nilichomoa vitufe kimoja kimoja, nikaosha mipira, nikaifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, nikaipaka grisi nyeupe ya dada, kiasi cha kung'aa tu. Karatasi ilisema kinachozuia maji ni mpira. Grisi ni ya kuuwezesha kuteleza, na ikizidi hunasa uchafu. Nilimaliza jua likizama. Sikumwambia mtu kwamba nimeifurahia kazi ile. Mimi yangu niliyasemea kwenye daftari, si kwa watu.

Jumapili, baada ya misa, nilimkuta baba mdogo kibandani kwake, ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga. Pumba zilikuwa zinapepea kila mahali. Alikuwa amelichukua tena kasha; liko mapajani, vitufe vimechomolewa, kopo lake la grisi nyeusi liko wazi, na kidole chake kimezama humo mpaka kwenye kifundo.

"Umepaka kama unampaka mgonjwa," akaniambia. "Mashine inataka mafuta, mama."

"Karatasi inasema..."

"Karatasi imewahi kubeba gunia?"

Wenzake wa bao wakaangua kicheko. "Mwache, huyo Fomu Tu! Ataolewa na karatasi!"

Nilitazama miguu yangu. Nilimdharau yeye, nikawadharau wale wanaocheka kabla hata ya kuelewa, nami nikajidharau kuliko wote, maana nilijua kilichokuwa kinaharibika na nikaondoka.

Jioni dada alirudi. Kabla ya kutia kamera alifunga kasha tupu, na kipande cha karatasi ya chooni ndani, akalizamisha kwenye beseni na kubonyeza vitufe. Mapovu yakapanda. Alipolifungua, karatasi ilikuwa chapachapa.

"Nani kafanya hivi?"

Baba mdogo, aliyekuwa ameshinda akiwasimulia watu kwamba kazi ni yake, alinigeukia. "Si huyu mtoto! Nilimkataza."

"Ni wewe?" dada akaniuliza.

Niliinama kufuta maji yaliyomwagika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Alisema taratibu tu, "Usiguse tena vitu vyangu," akaingia ndani.

"Watoto wa siku hizi," fundi akasikitika.

Usiku niliandika kurasa tatu kumhusu baba mdogo. Siwezi kuzirudia hapa, maana yeye na mimi tunaungama kwa padri mmoja. Lakini daftari halikunisafisha. Dada angerudi Dar akijua kwamba mimi ndiye niliyeharibu, na huo ungekuwa ndio ukweli kwake.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, nilichukua lile kopo kibandani, nikabisha mlango wa dada. Nilimwonyesha grisi nyeusi iliyojaa pumba, nikamwonyesha na mipira yake, nyeusi hivyo hivyo. Nikasema yote huku nikikitazama kizingiti. Akaleta kiti kimoja na pakiti ya mipira ya akiba, akasimama nyuma yangu nikifuta vijiti na kuvivisha mipira yote minane. Tulipozamisha kasha halikutoa povu hata moja. Karatasi ilitoka kavu.

"Basi la Sanje linaondoka saa mbili," akasema. "Utakuja? Nahitaji mtu wa kuliosha kasha nikitoka majini."

Nilikubali kwa kichwa, nikabeba beseni. Baba mdogo alikuwa mlangoni, mswaki mdomoni, akingoja shikamoo yake. Nilimpita, nikaenda kumwaga maji.