Ripoti ya Toleo Jipya

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa kompyuta katika ofisi ya huduma za afya pale Voi. Kompyuta moja kuukuu, karibu na dirisha, ilipokea barua za zahanati zetu za upande wa Taveta kwa laini ya simu, kisha ikazipitisha kwa kompyuta nyingine za ofisi na kwa stoo ya dawa Mombasa. Laini ilitulia kwa muda mfupi tu asubuhi. Kilichochelewa kilingoja kesho.

Aliyenifunza kazi alikuwa mzee wa Voi, Mwislamu wa asili ya pwani, aliyewahi kuwa fundi wa simu relini.

Siku moja bosi alirudi kutoka Nairobi na diski za toleo jipya la mfumo wa kuendesha ile kompyuta.

"Lipimeni na hili la zamani," akasema, "halafu mniandikie ripoti kwamba tunabadilisha."

Tulipima wiki mbili. Leo la zamani, kesho jipya, barua zile zile. Mzee alishika saa, mimi nikaandika. Kwa mashine yenye nguvu pengine lile jipya lingekimbia. Kwa yetu lilielemewa: barua zilikwama, zikaanza kutumwa upya, laini ikakatika zingali njiani. La zamani lilimaliza kila siku.

Nikaandika hivyo. Bosi aliisoma ripoti amesimama, akanirudishia.

"Wewe bado hujapewa barua ya kazi, sivyo?"

Nyumbani Sagalla, mama alinunua maji kwa mshahara wangu. Nilibadilisha mstari wa mwisho, nikaandika kwamba toleo jipya linafaa, nikatia sahihi.

Mzee alikataa kutia yake. "Mwanangu, sababu zako nazijua. Lakini mimi siweki mkono wangu hapa."

Mwezi uliofuata hakuitwa tena kazini. Toleo jipya likawekwa, na redio tuliyotumia kuzungumza na zahanati ikafungiwa stoo, eti tumeshakuwa wa kisasa.

Mvua zilipokuja, kipindupindu kikaingia upande wa Salaita, karibu na Taveta. Muuguzi wa zahanati ya huko akaandika kuomba dripu za wagonjwa, wakiwemo mama mmoja na mtoto wake. Barua ilifika nusu, ikakatika, ikaanza upya. Niliiona siku ya tatu, ikifuatwa na nyingine mbili. Ya mwisho ilisema: "Yule mama na mtoto wake wamefariki. Je, mnatusoma?"

Nilizichapa zote tatu, nikampelekea bosi.

"Hata barabara ilikuwa mbovu," akasema.

Ni kweli, ilikuwa mbovu. Gari la dripu lilichukua siku nzima. Sijui kama barua ingefika mapema wangepona. Nimejiuliza mara nyingi, na kila mara nakwama hapo hapo.

Nilirudisha toleo la zamani siku hiyo hiyo bila ruhusa, na hakuna aliyeniuliza. Nilienda kwa mzee nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Inna lillahi," akaniambia nikae ninywe chai. Hakunilaumu. Kazini hakurudi.

Miezi michache baadaye yule muuguzi alikuja Voi kwa mkutano. Alikuwa mwanamke mfupi, mchovu, mwenye viatu vya matope. Aliuliza karani wa kompyuta ni nani, wakamwonyesha mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa zile dripu, dadangu," akasema. "Waliobaki zilituokolea."

Nikamwambia karibu.